Namba Iliyokataa Saba

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1957. Kolwezi iliamka imelowa. Mvua iliyoanza Jumamosi ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na ilipokatika alfajiri iliacha ukungu mzito juu ya mashimo ya shaba na tope jekundu mpaka kwenye ngazi za kituo cha polisi.

Sajini Ngeleka alikuwa uani, akinawa mikono katika ndoo. Maji yaligeuka mekundu, na si kwa sababu ya tope.

Nyuma yake, katika chumba chenye mlango wa chuma, alilala Banza, mlinzi wa ghala la baruti la mgodi, au zamu kama watu wa kambi walivyomwita. Ngeleka alikuwa amempiga tangu jua kuchomoza, kwa mkono wake mwenyewe. Fimbo ishirini za mgongoni. Na Banza alipoendelea kusema hapana, kofi moja la sikio la kushoto, kofi la mtu anayevunja mlango. Damu nyembamba ilichuruzika kutoka sikioni mpaka shingoni. Baada ya kofi hilo Banza alisema ndiyo. Akaendelea kusema ndiyo kwa kila alichoulizwa.

"Anakubali?" Komiseri Delvigne aliuliza kutoka dirishani. Alikuwa Mbelgiji wa makamo, mwenye Kiswahili cha kuamuru tu.

"Anakubali, Bwana Komiseri."

"Uandike, atie kidole. Gari ya Élisabethville inatoka saa sita. Kule batamaliza kazi." Akapitisha kidole shingoni mwake, kisha akafunga dirisha ili ukungu usiingie.

Jambo lenyewe lilionekana rahisi. Jana, Jumatatu, saa kumi alasiri, Séraphin Kabeya, karani wa ghala, alikutwa ameanguka kifudifudi juu ya meza yake. Fuvu lilikuwa limepasuliwa kwa mtaimbo wa kufungulia masanduku, na mtaimbo huo ulikuwa chombo cha kazi cha Banza. Masanduku mawili ya baruti hayakuwapo. Banza mwenyewe alikamatwa akikimbia topeni, shati lake limejaa damu mpaka mikononi. Isitoshe, kambi nzima iliwaona wawili hao Jumapili wakitukanana bombani kwa ajili ya mbuzi wa Banza aliyekula daftari la Séraphin.

Ngeleka alikuwa na sababu yake pia. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na mitatu, katika masomo ya jioni ya misheni, na mwalimu wake wa hesabu alikuwa Séraphin Kabeya. Alipopiga kwa ile fimbo alikuwa akimwona Séraphin akiwa na chaki mkononi.

Alirudi ndani na karatasi. Banza alikuwa ameketi, ameegemea ukuta kwa bega, kwa kuwa mgongo haukuweza kuegemea kitu.

"Tuandike," Ngeleka alisema. "Uliingia kwa Séraphin saa ngapi?"

"Ndiyo."

"Nimeuliza saa ngapi."

Banza aligeuza kichwa, akamtegea sikio la kulia. "Saa unataka, tata," alisema, akimwita baba.

"Ulimwomba baruti?"

"Ndiyo. Nilimuomba."

"Ulimpa namba gani?"

"Namba?"

"Namba ya kutolea baruti. Imeandikwa katika kitabu chake. Ulimpa namba gani?"

Banza alifikiri. Aliitazama fimbo iliyotundikwa kwenye msumari, akalamba midomo iliyovimba.

"Mia," alisema.

"Mia ngapi?"

"Mia moja, tata. Ni ile kubwa mi najua. Kama haitoshi, weka mwenyewe ingine, mi nitasema ndiyo."

Ngeleka aliweka kalamu chini.

Kitabu cha ghala kilikuwa mezani kwake tangu jana, kurasa zake zikiwa zimegandamana kwa damu. Alikifungua tena kwenye mstari wa mwisho, wenye mwandiko mzuri wa Séraphin uliolala kidogo upande wa kulia. Palikuwa na namba hii: 344160121437. Chini yake hesabu tatu fupi, kisha neno moja la Kifaransa lililopigiwa mistari miwili: NON, hapana.

Jana alikuwa ameona hilo neno tu. Sasa aliona namba.

Desturi ya ghala hilo aliijua, kwa maana Séraphin mwenyewe ndiye aliyeibuni, na mhandisi akaikubali. Kila mlipuko ulikuwa na namba yake. Ofisi ya mhandisi iliisoma kwa simu, tarakimu mbili mbili, karani akaandika. Namba ingeweza kuwa ndefu au fupi, lakini ilikuwa na sharti moja: igawanyike kwa tisa, kwa kumi na moja na kwa saba, pasipo kubaki kitu. Ikibaki hata moja, ghala halifunguliwi.

Darasani mwanafunzi mmoja alikuwa ameuliza kwa nini tatu, kwa nini isitoshe moja.

"Tisa inamkamata anayebadili tarakimu moja," Séraphin alijibu. "Kumi na moja inamkamata anayegeuza mbili zilizo jirani."

"Na saba, mwalimu?"

"Saba ni ya yule ambaye sijamjua bado."

Wote walicheka, naye pia.

Ngeleka alipiga ishara ya msalaba, kama walivyofanya kabla ya kila somo, akaanza. Kwa tisa alijumlisha tarakimu zote: thelathini na sita. Inakubali. Kwa kumi na moja alijumlisha moja na kutoa inayofuata, moja na kutoa inayofuata, mpaka mwisho: sifuri. Inakubali. Kwa saba ilimbidi agawanye kwa urefu, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Ilibaki sita. Ndivyo hasa Séraphin alivyoandika: baki sita, NON.

Alikaa akiitazama namba. Mtu akifumba macho na kuokota namba mia kasoro moja zinazofuatana, ni moja tu kati yake itakayokubali tisa na kumi na moja pamoja. Aliyeitoa hii hakuokota. Alikuwa na namba ya kweli mkononi, na mahali fulani njiani ikaharibika. Na mtu wa mia moja hakuwa na namba kama hiyo.

"Banza," alisema. "Séraphin alipokufa, ulikuwa wapi?"

Banza alitazama fimbo tena. "We unataka nikuwe wapi?"

"Kweli tu."

"Nyuma ya ghala, tata. Mvua ilikuwa inapiga. Simu ililia, nikasikia anajibu. Kisha hakuna kitu, mvua tu juu ya mabati. Niliingia kuomba kibiriti. Nilimunyanyua kichwa..." Alionyesha mikono yake jinsi ilivyonyanyua. "Kichwa kilibakia mu mikono yangu kama kikombe kilipasuka. Ndipo nilikimbia kuita batu."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Ngeleka alikikunja kitabu ndani ya kipande cha turubai na kutoka.

Nje, watu kama mia walisimama topeni. Wengi walikuwa wa Kasai, wa upande wa Séraphin, na wengi walikuwa na mawe. Mbele ya ngazi, Ernestine Ndaya, mke wa Banza, alipiga magoti katika dimbwi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimechanwa na nyusi moja ilikuwa ikivuja damu, lakini hakuondoka.

Aliyewaongoza alikuwa Kazadi, mmoja wa makapita wawili, yaani wasimamizi, wa walipuaji, mtu mrefu mwenye koti la ngozi. Kambini walimwita Kazadi Brazza, kwa sababu alikulia Brazzaville, ng'ambo ya mto mkubwa, kwa Wafaransa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Tata Ngeleka!" alipaza sauti. "We muntu wetu! Baba yako alitoka Kasai na baba yetu mu gari moja. Utupe ule mushenzi, tutakuondolea kazi ya kuandika!"

"Saa sita anaenda Élisabethville."

"Saa sita ni mbali! Séraphin alikuwa ndugu yangu. Nilikula kwake Jumapili, kwa sahani moja!"

Jiwe liliruka likampiga Ernestine begani. Alianguka kwa mikono, akanyanyuka tena kwa magoti. Ngeleka alishuka ngazi, akamshika mrusha jiwe kwa kola, akamtupa topeni, kisha akamnyanyua Ernestine na kumwingiza kituoni.

"Batamuua, tata?" aliuliza.

"Subiri humu."

"Mi najua kama ni we ulimupiga," Ernestine alisema. "Nilisikia tangu inje. Nilihesabu." Akaketi kwenye benchi na kugeuzia uso ukutani.

Ofisi ya mhandisi ilikuwa ukingoni mwa shimo. Bwana Claes, kijana mwekundu wa uso, alikuwa akitazama maji yaliyojaa chini ambako mashine zilisimama kama ng'ombe waliozama.

"Tangu Jumamosi sijalipua kitu," alisema. "Ofisi yangu haikupiga simu yoyote jana. Na simu zenyewe, wakati wa mvua, ni kama mtu anazungumza ndani ya pipa. Hata mama yangu nisingemtambua."

"Jumamosi ulitoa namba?"

"Nilitoa moja, asubuhi. Nikaifuta saa tatu, mvua ilipoanza. Haikuwahi kusomwa ghalani." Alifungua kitabu chake. "Nakala ilikwenda kwa makapita wa baruti, kama kawaida. Haikurudi. Waliniambia mvua imeilowesha, ikachanika."

"Makapita wako wawili. Nani aliishika?"

"Sikuandika. Muamba au Kazadi, sijui."

"Nisomee namba, Bwana."

Claes aliisoma kama ambavyo angeisoma katika simu, tarakimu mbili mbili: "Trente-quatre. Quarante et un. Septante-deux. Quatorze. Trente-sept."

Ngeleka aliandika: 34 41 72 14 37. Chini yake akaandika ya Séraphin, nayo mbili mbili: 34 41 60 12 14 37.

Mwanzo ulikuwa mmoja. Mwisho ulikuwa mmoja. Katikati tu, mahali pa sabini na mbili, palikaa sitini, kisha kumi na mbili.

"Bwana Claes, kuna namna nyingine ya kutamka hii?" Aliweka kidole juu ya sabini na mbili.

"Septante-deux? Kwetu hakuna." Kisha mhandisi akacheka. "Labda kwa Wafaransa. Wale hawana septante. Wanasema sitini na kumi na mbili: soixante-douze."

"Sema tena. Polepole, kama kwenye simu mbaya."

"Soixante... douze."

Ngeleka alifungua kitabu cha ghala, akazipigia mstari jozi mbili za katikati. Karani aliyefundishwa na Wabelgiji, aliyezoea miaka yote kuandika jozi baada ya jozi, alisikia soixante akaandika sitini. Akasikia douze akaandika kumi na mbili. Hakukosea kusikia. Aliandika kilichosemwa.

Akazijaribu namba zote mbili pale pale, ubavuni mwa mhandisi. Ile fupi ilikubali tisa, kumi na moja na saba. Ile ndefu ilikubali mbili za kwanza tu, na sasa aliona kwa nini. Mia ukiigawa kwa tisa inabaki moja, na kwa kumi na moja inabaki moja. Kwa hiyo hizo mbili huziona jozi kana kwamba zimejumlishwa tu. Sitini na kumi na mbili, au sabini na mbili, kwao ni mamoja. Lakini mia kwa saba inabaki mbili. Saba huangalia kila jozi imekaa mahali gani, na jozi moja ilikuwa imesukuma nyingine nje ya kiti chake.

"Mungu wangu," Claes alisema. "Ndiyo maana aliitaka saba?"

"Alisema ni ya mtu ambaye hajamjua," Ngeleka alijibu. Alinakili namba ya kweli kwenye karatasi safi na kuondoka.

Matanga ya Séraphin yalikuwa mbele ya nyumba yake, mstari wa nne wa kambi. Wanawake walikaa kwenye mikeka iliyotandikwa juu ya mbao, moto ukifuka moshi kwa kuni mbichi. Mbelu, mjane, alikaa katikati, kichwa chake kimenyolewa asubuhi ileile. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka kituoni, mawe wakiwa wameyaacha mlangoni. Ilikuwa saa nne na robo.

Makapita wote wawili walikuwapo. Ngeleka alimtazama kwanza Muamba, mfupi, mkali, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa chenye damu.

"Mkono umefanya nini, Muamba?"

"Si kazi yako."

"Leo ni kazi yangu. Ufungue."

Muamba alikataa. Polisi aliyefuatana na Ngeleka alimshika, wakavutana, kitambaa kikatoka. Chini yake kulikuwa na alama za meno, juu na chini, duara kamili.

"Ni muke wake!" mwanamke mmoja alisema kutoka mkekani. "Jumamosi! Alimukuta kwa Tshiela!"

Hata kwenye matanga watu walicheka. Muamba alifunga mkono wake na kutazama chini.

"Vizuri," Ngeleka alisema. "Nina kazi moja ndogo. Komiseri anataka namba ya baruti isomwe mbele ya watu, na watu wa baruti wenyewe, kwa Kifaransa, ili iingie katika maandishi. Muamba, anza."

Muamba alichukua karatasi kwa mkono wa kushoto, akasoma haraka, kwa chuki: "Trente-quatre, quarante et un, septante-deux, quatorze, trente-sept. Inatosha?"

"Inatosha. Kazadi."

Kazadi alipokea karatasi. Aliitazama kwa muda ambao mtu hahitaji kwa tarakimu kumi. Mvua nyembamba ilianza tena, na matone yalisikika juu ya koti lake la ngozi.

"Trente-quatre," alisema. "Quarante et un." Akameza mate. "Septante-deux. Quatorze. Trente-sept."

Alirudisha karatasi. Ngeleka aliipokea. Mtego wake ulikuwa umenasa hewa. Kutoka shimoni ilisikika honi ya lori. Saa sita ilikuwa ikija.

"Shemeji," Mbelu alisema.

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, na watu waliinama ili waisikie.

"Mama," Kazadi alijibu.

"Leo unasema septante?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Mwaka munane unakula kwangu kila siku ya Mungu, kila Jumapili. Kila siku Séraphin anakucheka kwa meza: Brazza, sema septante, bazungu ba huku banachoka kujumlisha sitini na kumi na mbili. We unapiga meza, unajibu: nitakufa na soixante-douze yangu." Alisimama, akashika mkeka usimteleze miguuni. "Hata batoto bangu banakuita Tata Soixante. Leo, kwa matanga yake, ndiyo unaiacha? Ulikuwa unaogopa nani asikie?"

Hakuna aliyecheka. Muamba, ambaye alijua mambo ya baruti, aligeuka polepole akamtazama mwenzake. "Nakala ilikuwa kwako," alisema. "Uliniambia mvua iliichana."

Kazadi alifanya kitu kimoja haraka. Alichomoa kisu cha kukatia utambi, akaruka juu ya moto, akamkamata Mbelu shingoni. Sufuria ilipinduka. Wanawake walitawanyika wakipiga mayowe, na mmoja akaanguka na mikono yake kwenye makaa.

"Mutu asisogee! Nitamukata!"

Ncha ilikuwa imekwisha kuingia chini ya sikio la Mbelu, na damu ilishuka kwenye nguo yake nyeusi. Ngeleka hakusimama. Alimwendea moja kwa moja, akakishika kisu kwa makali. Kiganja kilipasuka mpaka mfupa, lakini hakuachia. Kwa mkono wa pili alimvuta Kazadi chini, akaulaza mkono wake wenye kisu juu ya jiwe la jiko, akaangukia juu yake kwa goti. Mfupa ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu.

Kazadi alilia kama mnyama. "Namba ilikuwa ya kweli!" alipiga kelele usoni mwa Ngeleka. "Ya kweli! Nilimuambia kwa simu sawa vile ofisi ya Claes, nikakuja kubeba, ananiambia ni ya uongo! Nilimuambia Séraphin, rudilia hesabu, namba iko muzuri! Akakamata simu amuulizie Claes!"

"Ndipo ukampiga."

"Alishakamata simu!"

"Baruti ilikuwa ya nini?"

Kazadi alifunga macho. "Samaki," alisema. "Nauzisha kwa batu ba ziwa ya Nzilo. Banalipua samaki mu maji."

"Samaki," Mbelu alisema. Alilisema mara moja tu.

Katika mfuko wa ndani wa koti, ndani ya kopo la tumbaku, Ngeleka aliikuta nakala ya Claes, kavu kabisa, imekunjwa mara nne. Aliinyanyua juu watu waione. Hilo lilikuwa kosa. Wanaume wakaenda mlangoni kuchukua mawe yao.

Jiwe la kwanza lilimvunja Kazadi meno. La pili lilikuwa la kumuua, na Ngeleka aliona mkono unaolitupa, mkono wa mzee mmoja aliyesali naye benchi moja. Akajilaza juu ya Kazadi. Jiwe likampasua juu ya jicho. Akaendelea kulala, akiwa amemkumbatia muuaji wa mwalimu wake topeni, mawe yakimpiga mgongoni, akihesabu kwa sauti maana hakuweza kufikiri kitu kingine: tatu, nne, tano. Alipofika tisa, Mbelu alisimama juu yao na kutandaza kitenge chake.

"Tayari," alisema. "Damu inatosha kwa nyumba yangu."

Walifika kituoni saa sita kasoro dakika kumi, kambi nzima ikiwa nyuma yao. Komiseri Delvigne alitoka barazani. Alimwona Kazadi na mkono wake ulioning'inia, na nakala, na kitabu cha ghala chenye jozi zilizopigiwa mstari. Alisikiliza. Kisha akaichukua karatasi ya Banza, ambayo haikuwa na kidole, akaichana mara mbili.

"Mutu mwingine, ndiyo ingine," alisema. "Kazi nzuri, Sajini. Ule wa kwanza umutoshe, aende nyumbani. Umupe kesho ya kupumzika."

Banza hakuweza kushuka ngazi peke yake. Ernestine alimshika upande mmoja, polisi upande mwingine, wakamketisha barazani kwenye kiti. Shati lake lilikuwa limegandamana na mgongo. Wale waliokuja na mawe asubuhi walitazama pembeni. Mbelu, mwenye damu shingoni, alipita kati yao akasimama kando ya Ernestine.

Ngeleka aliingia chumbani, akaitoa fimbo kwenye msumari. Alitoka nayo mbele ya watu wote, akaitumbukiza katika ndoo ya maji mekundu aliyonawia, ambayo hakuna aliyeimwaga.

"Unafanya nini?" Komiseri aliuliza.

Ngeleka alimpita Komiseri. Alisimama mbele ya kiti, damu ikimtiririka jichoni, mkono wake umefungwa kitambaa cha kichwa cha mwanamke asiyemjua.

"Banza," alisema. "Mi Ngeleka, mwana wa Tshibola, mbele ya Mungu na mbele ya hawa batu: sitanyanyua tena huu mukono kwa mutu, ili aniambie ndiyo."

Banza aliutazama mdomo wake ukisogea. Alikunja uso, kama mtu aliyeulizwa namba kubwa, kisha akamgeukia mkewe.

"Haisikii, tata," Ernestine alisema. "Uko kwa sikio lile ulilipiga. Lilikufa."

King'ora cha mgodi kililia saa sita, kirefu, na hakuna aliyeondoka. Ngeleka alingoja mpaka kikanyamaza. Akazunguka kiti, akapiga magoti topeni upande wa kulia, akaanza tena tangu neno la kwanza, kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa mwisho getini.

"Mi Ngeleka, mwana wa Tshibola. Nilikupiga na haukufanya kitu. Sitapiga tena mutu juu ya kupata ndiyo yake, hata banifukuze kazi, hata banifunge. Naahidi. Bote munasikia."